Aliyechoma msitu anakamatwa, alafu kesi inaishia wapi?

Kila kiangazi ni stori ile ile. Februari inafika, jua limeshakausha nyasi za Aberdare na za Mlima Kenya mpaka zinavunjikavunjika ukizikanyaga, alafu usiku mmoja picha zinaanza kuzunguka kwa magrupu ya WhatsApp, mstari mwekundu juu ya mlima, na kabla ata moto haujazimwa tayari kuna mtu ameshahukumiwa. Ni wachungaji. Hapana, ni warina asali. Ni wachoma makaa, ni majangili, ni walewale waliokata mbao sasa wanataka kuficha visiki. Kufikia asubuhi watu kutoka Umoja mpaka Rongai wanaandika anyongwe, anyongwe, na hasira yao naielewa kabisa kwa sababu mimi pia ninayo. Maji ya hapa Nairobi kwa sehemu kubwa yanatoka huko, mabwawa ya Ndakaini na Sasumua yanajazwa na mito inayoteremka kutoka Aberdare, kwa hivyo mtu akiwasha ule msitu anatugusa sisi tunaopanga mitungi siku ya mgao wa maji sawa tu na anavyomgusa mkulima wa Kinangop.

Lakini ngoja miezi mitatu ipite alafu uulize ile kesi ilifika wapi.

Mimi naona tunabishana pasipostahili. Tunabishana kuhusu ukubwa wa adhabu na kitu tunachokosa ni ushahidi, na tunaukosa kwa sababu hakuna anayeenda kuutafuta siku ile ya kwanza wakati bado upo. Bila huo ushahidi, adhabu yoyote utakayoandika kwa sheria itamwangukia yule aliyekuwa karibu, na aliyewasha atakuwa nyumbani kwake anakula.

Hao wanaoandika anyongwe pia wakumbuke Kenya haijamnyonga mtu tangu 1987, na mwaka wa 2017 Mahakama ya Juu kwenye kesi ya Muruatetu ilisema ata kwa mauaji hakimu hawezi kulazimishwa kutoa hukumu ya kifo. Kwa hivyo tuache hilo kando, tuangalie sheria yenyewe maana wengi wetu hatujawahi kuifungua.

Penal Code yetu, yaani sheria ya makosa ya jinai, kifungu cha 332, inasema anayechoma kwa makusudi jengo lolote anaweza kufungwa maisha. Jengo lolote ni lolote, ata banda la kuku la mabati matatu. Kifungu cha 334 kinakuja kwa mimea, mazao ya shamba, nyasi za kutunzwa, miti inayolimwa, hapo ni miaka 14. Sasa niambie, msitu wa asili kule Aberdare, mierezi na mianzi na miti mingine ambayo hakuna binadamu aliyeipanda wala kuipalilia, unaingia wapi hapo? Wakili mzuri atasimama aseme hauingii, na kusema kweli ana hoja. Ndio maana mshukiwa wa moto wa msitu mara nyingi atapelekwa kwa Sheria ya Uhifadhi na Usimamizi wa Misitu ya 2016, kifungu cha 64, ambako kuwasha nyasi au vichaka ndani ya msitu wa umma kumewekwa kapu moja na kukata mti bila kibali na kuingiza mifugo, na adhabu ni faini isiyopungua shilingi 100,000 au jela isiyopungua miezi 6 au vyote viwili. Ni kweli hicho ni kiwango cha chini, hakimu anaweza kupanda, lakini kiwango cha chini ndicho kinachomwambia hakimu Bunge lililiona hilo kosa kuwa zito kiasi gani, na hapa Bunge limemwambia ni dogo. Banda la kuku maisha, msitu wa mamia ya miaka nusu mwaka. Na hii ni nchi ambayo Novemba 13 mwaka 2023 tulipewa holidei nchi nzima tukapande miti, nchi yenye mpango wa miti bilioni 15 kufikia 2032. Jimbo la Victoria kule Australia wana kosa linalosimama peke yake, kusababisha moto wa nyika kwa makusudi au kwa kutojali, miaka 15. Sisi tunahitaji kitu kama hicho na sio jambo gumu kuliandika.

Lakini nikisema tuandike sheria mpya nikaachia hapo nitakuwa nimewadanganya, kwa sababu sheria haitembei msituni kuokota kipisi cha sigara.

Kesi ninayorudia kuisoma ni ya Raymond Lee Oyler, California. Oktoba 26, 2006, saa saba za usiku hivi, moto uliwashwa chini ya milima karibu na mji mdogo unaoitwa Cabazon, upepo mkavu na mkali wanaouita Santa Ana unavuma, na asubuhi hio gari moja la wazima moto la shirika la misitu la Marekani lilikuwa limesimama kulinda nyumba moja huko juu. Moto ukawafunika. Wote watano waliokuwa na gari hilo wakafa. Ekari kama 40,000 ziliungua na nyumba 34. Mwaka wa 2009 Oyler akawa mtu wa kwanza Marekani kupatikana na hatia ya mauaji na kuhukumiwa kifo kwa moto wa nyika aliouwasha, na hapo ndipo watu wengi wanaposimama, kwa ile hukumu ya kifo. Mimi hukumu hio sio inayonishika (na ata kule, 2019 gavana Newsom alisimamisha utekelezaji wa hukumu zote za kifo). Kinachonishika ni vile walifika hapo.

Jury, yaani raia wanaochaguliwa kuamua kesi, ilimpata na makosa 42. Matano ya mauaji, sawa, lakini 20 yalikuwa ya kuchoma na 17 ya kutumia kifaa cha kuwashia moto. Hio hesabu inakuambia kitu. Miezi kadhaa kabla ya watu kufa, kulikuwa na mioto midogo midogo kwa hilo eneo, mingine imekula nyasi za upana wa uwanja wa mpira tu ikazimwa, kitu ambacho hapa kwetu hakingeandikwa popote, na kila mara kuna mtu alienda akapiga magoti kwenye majivu akatafuta. Walichokuwa wanapata ni kitu kidogo sana, sigara iliyofungiwa njiti za kiberiti kwa rababendi. Unaiwasha, unaiweka kwa nyasi, unaondoka, sigara inaungua polepole mpaka inafikia njiti na wewe ukishakuwa mbali. Kwa mioto miwili ya Juni mwaka huo walipata DNA kwa kipisi cha sigara, na ilikuwa ya Oyler. Kwa ule moto ulioua hawakuwa na DNA yake. Walichokuwa nacho ni kifaa cha aina ile ile, eneo lile lile, na mtu ambaye tayari DNA imeshamuunganisha na ile mingine. Kesi ya mauaji ilijengwa juu ya mioto ambayo haikuua mtu yeyote.

Sasa hebu ilete hio hapa. Fikiria nyasi zinawaka kando ya barabara huko Njabini mwezi wa kwanza, watu wanazima na matawi, wanaenda. Nani anaandika? Nani anaokota? Mwezi wa tatu mlima ukiwaka kila mtu anaanza kutoka sifuri.

Nilikaa na mzee mmoja huko Kinangop, alikuwa renja miaka mingi kabla astaafu, nikamuuliza mahali moto ulianzia huwa panalindwa vipi. Alinyamaza kidogo. Alafu akaniambia, "Kijana, moto ukizimika watu wanataka chai." Akaeleza. Watu wa kujitolea wanatoka kijijini na matawi mabichi na mapanga, lori linakuja na vijana, chifu anakuja, na lori linafika mpaka barabara inapoishia, na mara nyingi moto ulianzia hapohapo kwa sababu aliyeuwasha naye alitumia barabara hio hio. Kwa hivyo lori linageuzia hapo. Watu wanakaa hapo. Mawe matatu yanapangwa, sufuria inawekwa, na moto wa chai unawashwa juu ya majivu ambayo ndio yangekuwa kielelezo nambari moja kortini. "Hakuna mtu aliniambia ata siku moja nisiguse pale," alisema, na hakusema kwa kulalamika, alisema kama mtu anayehesabu mioto yote iliyopita.

Na pale panasomeka. Hii ndio sehemu inayoniuma. Nyasi ikipitwa na moto unaotambaa polepole inaliwa kwanza kwenye shina, upande moto ulikotokea, na inaangukia huko huko, kwa hivyo mabua yaliyolala yanakuelekeza nyuma, kule moto ulikotoka. Majani hujikunja kuelekea joto. Jiwe linachafuka na kupasuka upande uliokutana na moto, upande wa pili unabaki na rangi yake. Mti unaungua juu zaidi upande mmoja kuliko mwingine. Wachunguzi wa Marekani wanatembea na vibendera vidogo, vyekundu mahali moto ulikimbia mbele, vya buluu mahali ulirudi nyuma, vya njano ulikotanuka pembeni, na wanazunguka kutoka nje kuingia ndani mpaka vibendera vinawabania kwa kipande cha ardhi kidogo kama sebule ya bedsitter, alafu hapo wanapiga magoti na kuchambua majivu na ungo na sumaku. Ni ujuzi wa mikono na macho, hauhitaji helikopta. Kozi ya mwanzo ya kazi hii kule inamalizika kwa wiki moja. Askari wetu wa misitu wanaoujua msitu kama mkono wao, wanaojua hii njia ni ya ng'ombe na ile ni ya mbao za wizi, wangekuwa wachunguzi hodari wakifunzwa na wakipewa mamlaka ya kusema hapa hakuna kukanyaga.

Bila hio kazi, polisi wanabaki na nini? Wanabaki na mtu aliyeonekana msituni. Na nani anaonekana msituni? Mrina asali na moshi wake, mama wa kuni, kijana wa makaa, mchungaji. Mtego wa panya huingia waliomo na wasiokuwemo. Tena mara nyingi huyo mtu ana kiberiti mfukoni, maana kazi yake inataka kiberiti, na hicho kiberiti kinageuka ushahidi. Alafu anawekwa ndani siku mbili tatu na anakubali kosa kwa sababu ameambiwa akikubali atapewa faini aende nyumbani. Hio laki moja hana. Anakaa ndani, kesi inahesabiwa imefaulu, na kiangazi kinachofuata moto unaanza pale pale.

Kuna kesi ambayo kila mwanafunzi wa sheria hapa anaijua, Rex (yaani Mfalme, enzi za ukoloni) dhidi ya Kipkering arap Koske, 1949, Mahakama ya Rufaa ya Afrika Mashariki. Ilisema ukitaka kumfunga mtu kwa ushahidi wa mazingira, yaani hakuna aliyemwona akifanya, basi yale mambo yanayomwonyesha kuwa na hatia lazima yasiweze kupatana kabisa na yeye kuwa bila hatia, na yasielezeke kwa njia ingine yoyote ya maana isipokuwa hatia yake. Moto wa msitu karibu kila mara ni kesi ya aina hio. Nani atakuwa hapo usiku kumwona? Kwa hivyo mtu kukutwa kilomita moja kutoka kwa moto akiwa na kiberiti, ukiwa na hakimu makini, hio haifiki. Na haifai kufika. Nasema hivi nikijua kuna wenye hasira watakaoniona natetea wachomaji.

Someni kilichotokea Texas. Cameron Todd Willingham, nyumba yake iliungua mwaka wa 1991 mji wa Corsicana, watoto wake watatu wa kike wakafa ndani. Wachunguzi wa moto wakaja kortini wakasema alama za sakafuni zinaonyesha alimwaga kitu cha kuwasha. Akauawa na serikali Februari 2004. Wataalamu waliokuja kuangalia upya, mmoja baada ya mwingine, walisema zile alama hazithibitishi chochote, moto wa kawaida ukishajaa chumba unaacha alama hizo hizo. Hio ilikuwa nyumba, sio msitu, lakini ni kosa la aina moja, mtu anayejiita mtaalamu anaangalia majivu na kusema anachotaka kuona. Mwaka wa 2011 mwongozo mkuu wa wachunguzi wa moto kule, NFPA 921, ukakataa waziwazi ile tabia ya kusema "hatujapata sababu ingine, kwa hivyo ni makusudi". Hapa kwetu bado hio ndio sentensi ya kwanza kwa kila taarifa. Hakukuwa na radi, kwa hivyo kuna mtu alichoma. Sawa, mtu, lakini mtu gani, na alikusudia?

Swali la kukusudia ndilo linanifanya nisilale na hizi kesi, na sisi Nairobi tumelipitia kwa uchungu. Septemba 2, 2017, bweni la Moi Girls liliungua usiku, wasichana 10 wakafa. Mwanafunzi mwenzao alishtakiwa kwa mauaji, na kesi ilipoisha Mahakama Kuu ikampata na hatia ya kuua bila kukusudia, akafungwa miaka 5 mwaka wa 2022. Kuna wazazi ambao miaka 5 kwa watoto 10 haitawaingia akilini mpaka wafe na hakuna mtu ana haki ya kuwaambia waikubali. Lakini angalia vile hio kesi iliendeshwa, mashahidi, bweni lilichunguzwa, hakimu alipima nia, akatofautisha mtu anayetaka kuua na mtu anayewasha moto bila kufikiria utafika wapi. Penal Code yetu kifungu cha 206 inasema nia ya kutenda kosa kubwa inaweza kuhesabiwa kuwa nia ya kuua, na njia kama hio ndio ilimfikisha Oyler alipofika. Kwa hivyo mtu akiwasha msitu wetu kwa makusudi na renja akafa akiuzima, mlango wa mauaji upo. Upo ikiwa kuwasha kwenyewe ni kosa kubwa. Na hapo ndio unaona ubaya wa kumwachia kifungu cha 64 kazi yote, kile kidogo kinafunga mlango wa kile kikubwa.

Tofauti hizi wenzetu wameziandika. California wana kifungu cha 451 kwa anayechoma kwa nia mbaya na cha 452 kwa anayesababisha moto kwa kutojali, na adhabu ni mbali kabisa. Mwaka wa 2020 mume na mke walienda bustani moja huko San Bernardino na kifaa cha moshi wa rangi kutangaza jinsia ya mtoto wao, nyasi zikashika, mzima moto mmoja akafa. Mume alikubali kuua bila kukusudia mwaka wa 2024, mwaka mmoja jela na kulipa fidia. Hakuna aliyemwita muuaji kama Oyler, na hakuna aliyemwachilia aende hivi hivi. Mrina asali wetu ambaye moshi wake umemponyoka yuko upande huo. Aliyelipwa kuwasha ili ushahidi wa mbao upotee yuko upande wa Oyler. Sisi tumewafunga kamba moja.

Na kuna wale walio katikati. Churchill, Australia, siku ile wanaiita Jumamosi Nyeusi, Februari 7, 2009, watu 173 walikufa jimbo zima kwa mioto mingi tofauti na 10 kati yao ni kwa moto mmoja ambao Brendan Sokaluk alipatikana ameuwasha. Gari lake liliharibika karibu na hapo, watu wakamwona. Alikuwa na usonji, na jaji alilazimika kulipima hilo pia. Miaka 17 na miezi 9. Kuna waliosema ni kidogo sana, na mimi nikiwaza familia 10 nashindwa kuwajibu, lakini hukumu ilitoka na sababu zake zimeandikwa, mtu yeyote anaweza kuzisoma na kuzipinga. Tsavo West iliwaka Agosti 2020 na KWS, shirika la wanyamapori, wenyewe wakasema wanashuku moto uliwashwa makusudi. Mimi ningependa siku moja kusoma hukumu ya moto kama huo, kurasa zote.

Teknolojia itasaidia lakini tusiiabudu. Kwa ule moto wa Palisades, Los Angeles, Januari 2025, watu 12 walikufa, na Oktoba mwaka huo akakamatwa kijana wa miaka 29. Wachunguzi wanadai aliwasha moto mdogo usiku wa mwaka mpya, ukazimwa, ukabaki unafuka chini kwenye mizizi siku sita alafu upepo ukauamsha. Wamekuja na data ya simu yake ilikokuwa, video za kamera, ata picha alizoomba programu ya akili bandia imchoree. Yeye alikana mashtaka. Hapa simu ya mtu ikishika mlingoti huko Mweiga au Ndaragwa hio data inapatikana, na Sheria ya Ushahidi kifungu cha 106B inaikubali kama imekuja na cheti chake. Nimeona kesi za kawaida zikianguka kwa sababu ya hicho cheti tu, karatasi moja. Ila simu inakuambia mtu alikuwa wapi, haikuambii alifanya nini, kwa hivyo tunarudi tena kwa majivu na yule anayejua kuyasoma.

Kitu cha mwisho ni hiki, na nakisema nikijua kinawagusa wakubwa. Paradise, California, Novemba 2018, watu 85 walikufa, moto ulianzishwa na ndoano iliyochakaa ya nyaya za umeme, chuma cha karibu miaka 100. Kampuni ya umeme, PG&E, ilisimama kortini Juni 2020 ikakubali makosa 84 ya kuua bila kukusudia. Kampuni haiendi jela, ilipigwa faini ya karibu dola milioni 3.5 kwa upande wa jinai, ata kama fidia huko nje ilikuwa mabilioni. Oyler watu 5, kifo. Kampuni 84, faini. Nia ni tofauti, najua, nimetoka kuandika aya nzima kuhusu nia, lakini bado kuna kitu hapo hakijakaa sawa na sitajifanya kimekaa. Ugiriki walijaribu kwenda mbali zaidi. Moto wa Mati, Julai 2018, watu 104. Walimshtaki mzee aliyekuwa anachoma taka za bustani uani kwake, lakini kizimbani hakusimama peke yake, walikuwa 21, wakuu wa zima moto na wa ulinzi wa raia ndani. Mwaka wa 2024 korti iliwaruhusu waliopatikana na hatia kulipa pesa badala ya kufungwa, familia zikalia kwa uchungu pale pale kortini, na 2025 korti ya rufaa ikawapeleka maafisa wanne jela.

Kwetu moto ukiua, anayetafutwa ni mwenye kiberiti peke yake. Barabara za kukinga moto ambazo hazijafyekwa miaka na miaka haziulizwi ni za nani. Pesa za mafuta ya lori zilizokwama hakuna anayeziita shahidi. Kama renja anapanda mlima kuzima moto akiwa na tawi mkononi na viatu vya mpira, na akafa huko, uchunguzi wa kifo chake lazima ufike kwa aliyewasha na pia ufike kwa aliyemtuma hivyo.

Kiangazi kinaanza Januari. Kabla ya hapo, shirika la misitu na KWS wanaweza kuchagua marenja wachache kwa kila kituo cha Aberdare, Mlima Kenya, Mau na Tsavo wafunzwe ile kozi ya wiki moja, wapewe vibendera, bahasha za karatasi za kuwekea vielelezo na kitabu cha kuandika kila moto, ata ule wa nyasi kando ya barabara. DPP, mkurugenzi wa mashtaka ya umma, anaweza kuwachagulia waendesha mashtaka wanaoijua kazi hio Nyeri, Nyahururu na Voi, wasiwe wanasoma faili asubuhi ya kesi. Na kamati ya mazingira bungeni inaweza kuleta kifungu kipya kinachotenganisha makusudi, kutojali na ajali, na kinachotaja msitu wa asili kwa jina lake. Hii ya bunge itachukua muda. Zile mbili za kwanza hazihitaji kura ya mtu yeyote.